Mashine ya kukamulia mafuta ya nazi: Rekebisha kila hatua kabla ya kuilaumu jeki

MKULIMA wa Bumbwini au Makunduchi mwenye minazi yake hana haja ya kuambiwa kwamba mafuta ya nazi yana soko. Anayaona katika maduka ya Mji Mkongwe, yamo ndani ya chupa ndogo zenye lebo nzuri, yakinunuliwa na wageni. Watengenezaji wa sabuni nao huyatafuta. Anachokikosa mara nyingi si nazi wala mnunuzi. Ni namna ya kuifunga mashine na kuirekebisha ili itoe mafuta mengi, meupe, na ya aina moja kila siku.

Wapo wanaonunua mashine ya jeki kwa fundi, wakaifikisha nyumbani, wakaijaza nazi na kuanza kubana siku hiyo hiyo. Yakitoka mafuta kidogo, wanaongeza nguvu. Yakitoka na weupe wa tui, wanayachemsha. Baada ya miezi michache mashine iko uani imefunikwa gunia, na mkopo bado unadaiwa.

Kosa mara nyingi haliko kwenye jeki. Kukamua mafuta ni kazi ya hatua nne zinazofuatana: kukuna, kukausha, kubana na kutuza. Kila hatua hupokea ilichopewa na iliyotangulia. Nazi iliyokaushwa vibaya haiwezi kuponywa na jeki ya tani 20, wala ya tani 50. Kwa hiyo fundi mzuri huirekebisha hatua moja hadi itulie, ndipo aende kwenye nyingine.

Kazi ya zamani, kanuni ile ile

Visiwani kwetu kukamua mafuta si jambo geni. Katika Mji Mkongwe wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na mashinikizo ya ufuta yaliyozungushwa na ngamia. Mnyama alifungwa kitambaa machoni, akazunguka kinu kikubwa mchana kutwa, na mchi ukasaga ufuta hadi mafuta yakatoka. Nazi nayo ilikaushwa ikawa mbata, na mbata ikawa bidhaa kubwa ya Zanzibar ya kuuzwa nje baada ya karafuu.

Nyumbani, akina mama wamekuwa wakikuna nazi, wakikamua tui na kulichemsha mpaka maji yaishe na mafuta yabaki. Njia hiyo ni nzuri kwa matumizi ya nyumbani, lakini inakula kuni nyingi na mafuta yake hubaki na harufu ya kuungua. Mnunuzi wa leo wa mafuta ya kujipaka anataka mafuta yasiyo na rangi, yenye harufu ya nazi mbichi.

Bara, katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamulia alizeti ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi za Afrika. Ilionesha kwamba kijiji kinaweza kukamua mafuta bila umeme. Jambo hilo lina uzito Unguja, ambako umeme ulikatika kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mashine ya jeki ingefanya kazi siku zote hizo.

Mashine yenyewe

Mashine inayozungumzwa hapa ni nyepesi kueleweka. Kuna fremu ya chuma kizito iliyochomelewa. Ndani yake kuna silinda, yaani bomba nene lenye matundu madogo ya milimita 2 hadi 3 ambayo mafuta hupitia. Kuna pistoni, yaani bamba nene la duara linaloingia ndani ya silinda na kuibana nazi. Kuna sinia la kupokelea mafuta, na jeki ya gari inayosukuma.

Kabla ya kumlipa fundi, angalia mambo matatu.

Kwanza, upana wa silinda ulingane na jeki. Jeki ya tani 20 husukuma kwa uzito wa kilo 20,000. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314, hivyo kila sentimita ya mraba hubebeshwa kilo 64 hivi. Ukipanua silinda hadi sentimita 25, jeki ile ile itabana kwa kilo 41 tu. Nazi iliyokaushwa sawasawa huanza kuachia mafuta kwenye kilo 30 hivi, kwa hiyo zote mbili zitafanya kazi. Lakini anayedhani silinda kubwa zaidi ni faida tupu ajue kwamba kila anapopanua, nguvu inagawanyika.

Pili, jeki ikae wapi? Jeki nyingi za gari hufanya kazi zikiwa zimesimama wima. Baadhi ya mafundi huiweka juu ya pistoni ili isukume boriti ya juu. Ni rahisi kutengeneza, lakini jeki ikivuja, mafuta yake machafu yatadondokea kwenye nazi. Ni bora jeki ikae chini, iinue meza iliyobeba silinda, na pistoni iwe imefungwa juu. Ikivuja, itavujia sakafuni.

Tatu, chuma. Hewa ya bahari yetu haina huruma. Fremu inaweza kupakwa rangi, lakini silinda, pistoni na sinia visipakwe kitu chochote, maana rangi itabanduka na kuingia kwenye mafuta. Viwe vya chuma kisichoshika kutu. Kinagharimu zaidi, lakini ndicho kinachogusa chakula.

Kuifunga na kuijaribu bila nazi

Iweke mashine juu ya sakafu ngumu ya saruji, ndani ya banda lenye kivuli. Tumia pima maji kuhakikisha meza iko sawa kwa urefu na kwa upana. Kama mguu mmoja unaelea, weka kipande cha chuma chini yake, usiweke kipande cha mti ambacho kitalainika. Kisha ifunge sakafuni kwa bolti.

Ingiza pistoni ndani ya silinda ikiwa tupu. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda iwe sawa pande zote, kiasi cha unene wa kadi ya benki. Zungusha kadi kuzunguka pistoni. Ikiingia upande mmoja na kukwama upande wa pili, pistoni haiko katikati. Legeza nati, isogeze, kaza tena, pima upya. Pistoni iliyokaa kombo husugua ukuta na kumwaga unga wa chuma kwenye mafuta. Aidha, husukuma fremu upande na kuilegeza kwenye maungio.

Pistoni ikishakaa sawa, jaribu nguvu. Weka gogo la mti mgumu ndani ya silinda, bana taratibu, kisha acha kwa dakika kumi. Tazama mambo mawili: je, jeki inashuka yenyewe? Je, kuna ufa kwenye sehemu zilizochomelewa? Jeki inayoshuka inahitaji kutengenezwa. Fremu yenye ufa irudi kwa fundi, isitumike hata siku moja.

Mwisho, osha kila kinachogusa nazi kwa maji ya moto na sabuni, suuza na ukaushe kabisa. Mafundi hupaka grisi ili chuma kisishike kutu njiani, na grisi hiyo si ya kuliwa.

Hatua ya kwanza: nazi na kukuna

Tumia nazi zilizokomaa kabisa, za miezi 11 hadi 12 tangu kuchanua, zenye kumbi lililokauka. Koroma lina maji mengi na mafuta kidogo. Nazi iliyoanza kuota au yenye harufu itupwe pembeni. Waliosema nazi mbovu harabu ya nzima hawakukosea, kwani nazi moja iliyooza itatia uchachu silinda nzima.

Mbuzi wa kawaida anafaa kwa kuanzia, ila chembe zinazotoka ziwe ndogo na za ukubwa mmoja. Chembe kubwa hukauka nje na kubaki na maji ndani. Kama unatumia mashine ya kukunia, noa meno yake na uangalie ukubwa wa chembe kabla ya kuendelea. Nazi ikishavunjwa ikunwe na kuanza kukaushwa hapo hapo. Isilale.

Hatua ya pili: kukausha, na hapa ndipo penye siri

Nazi mbichi iliyokunwa ni kama nusu maji. Ili iachie mafuta kwa nguvu ndogo, inatakiwa ibaki na maji ya asilimia 10 hadi 12. Ikizidi hapo, utapata tui badala ya mafuta, na uji wa nazi utapenya kwenye matundu. Ikipungua sana, itakuwa kama vumbi la mbao, na mafuta yatabaki ndani ya mashudu.

Huhitaji chombo cha maabara kujua asilimia hiyo. Mizani inatosha. Fanya hivi:

Pima gramu 100 za nazi iliyokunwa. Ikaushe juu ya moto mdogo sana bila kuiunguza, ukiipima mara kwa mara, mpaka uzito usipungue tena. Tuseme zimebaki gramu 52. Hizo ndizo nazi bila maji. Gawanya kwa 0.89, kwa kuwa unataka sehemu 89 za nazi na 11 za maji. Jibu ni 58.4. Maana yake ni kwamba kila kilo moja mbichi lazima iondolewe motoni inapofika gramu 584.

Andika namba hiyo ukutani. Irudie hesabu kila unapoleta nazi kutoka shamba jingine au msimu unapobadilika, kwa sababu nazi hazilingani maji.

Kukausha kwenyewe kufanywe juu ya bamba pana au karai kubwa, tabaka jembamba, huku ukigeuza kwa mwiko bila kuacha. Moto wa vifuu na makumbi unatosha, na ni mali yako mwenyewe. Chembe zikianza kugeuka rangi ya udongo, moto umezidi, na mafuta yatakuwa na harufu ya kukaangwa. Jua peke yake ni gumu kulitegemea wakati wa masika, maana nazi inayokauka polepole huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumu.

Hatua ya tatu: kujaza na kubana

Nazi ibanwe ikiwa bado na joto la bamba, lile ambalo mkono unaweza kulivumilia kwa shida. Ikipoa, mafuta huwa mazito na hutoka kwa uvivu.

Tandika kitambaa safi cha pamba ndani ya silinda. Jaza tabaka la nazi, kandamiza kwa mkono, weka bamba jembamba la duara, kisha tabaka jingine. Mabamba haya hufanya mafuta yapate njia ya kutokea pembeni badala ya kukwama katikati ya bonge moja kubwa.

Sasa bana, lakini kwa subira. Piga jeki mara chache hadi mafuta yaanze kudondoka, halafu acha. Matone yakipungua, piga tena mara moja au mbili, acha tena. Dakika 15 hadi 20 kwa silinda moja si nyingi. Anayepiga jeki mfululizo hufunga njia za mafuta kwa kuzishindilia, na nguvu yote iliyobaki huishia kwenye fremu.

Hatua ya nne: kutuza na kuchuja

Mafuta yanayotoka huwa na chembe laini za nazi. Yaweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pasipo na jua, yatulie kwa siku kadhaa hadi wiki mbili. Mimina yale ya juu, chuja kwa kitambaa kizito, kisha tia kwenye chupa kavu kabisa.

Kujua kama yana maji, pasha kijiko kimoja motoni. Yakilia kwa kupasuka-pasuka, maji yamo, na mafuta hayo yatachacha dukani. Rudi kwenye hatua ya pili.

Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 au 25. Wakati wa kipupwe, asubuhi utayakuta meupe na magumu. Hayakuharibika, wala hayakuchanganywa na kitu. Mweleze mteja wako hivyo, na kazi ya kuchuja ifanye mchana.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Kazi ikishazoeleka, hatua zote huenda pamoja: mmoja anakuna, mwingine yuko kwenye bamba, wa tatu anapiga jeki, wa nne anachuja. Hapo ndipo faida inapopatikana. Lakini usianze hivyo. Siku za mwanzo pitisha silinda moja tu toka mwanzo hadi mwisho, pima, andika, ndipo ujaze nyingine. Ukibadilisha moto, ukubwa wa chembe na mwendo wa jeki kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Daftari lako liwe na safu nne: uzito wa nazi kavu iliyoingia, uzito wa mafuta, uzito wa mashudu, na kilichopotea. Tuseme umeingiza kilo 3. Ndani yake mna kama kilo 1.8 za mafuta. Ukipata kilo 1.2 za mafuta na kilo 1.7 za mashudu, zimepotea gramu 100 tu kwenye kitambaa, kuta na mvuke. Hapo mashine yako imekaa vizuri.

Ukipata mafuta gramu 800 na mashudu kilo 2.1, mafuta yamebaki ndani ya mashudu. Pengine nazi imekauka kupita kiasi, imepoa, au umebana kwa haraka. Kama mafuta na mashudu kwa pamoja hayafiki kilo 2.7, tafuta panapovuja. Na kama kilichotoka kina weupe wa tui, nazi ina maji, hata kama mkono wako ulikwambia imekauka.

Hesabu kabla ya mkopo

Kilo 3 za nazi kavu hutokana na kilo 5 na kidogo za nazi mbichi iliyokunwa, ambazo ni nazi 15 au 16 za kawaida. Kilo 1.2 za mafuta ni lita 1.3 hivi. Kwa hiyo lita moja inakula nazi kama 12. Ukikamua vibaya na kupata gramu 800 kutoka nazi hizo hizo, lita moja itakula nazi 18. Hizo sita za ziada ndizo faida yako inayolala ndani ya mashudu.

Zidisha nazi 12 kwa bei unayoweza kuziuza hivi leo pale Darajani au Mwanakwerekwe. Ongeza ujira, kuni, chupa, lebo na usafiri. Kama jumla inakaribia bei ya lita moja ya mafuta, uza nazi. Nazi hupanda bei Ramadhani, kila nyumba inapotaka tui la futari, na si busara kuzikamua wakati huo. Mashine ni ya msimu ambao nazi zimejaa na wachuuzi wanajipangia bei.

Mashudu yasitupwe. Yaliyotoka kwenye nazi safi yanaweza kusagwa na kutumika jikoni, au kuchanganywa kwenye chakula cha kuku na ng'ombe. Makumbi yanawafaa wanaosokota kamba, na vifuu ni kuni za bamba.

Anayekusudia kuuza madukani asisubiri hadi chupa zijae. Awaone mapema Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), aulize jengo liweje na lebo iandikwe nini. Ni nafuu kujenga banda sawasawa mara moja kuliko kulibomoa.

Tahadhari

Chuma kilichobanwa kwa tani 20 kina hasira hata kikiwa kimya. Usisimame mbele ya silinda wala kuinamia pistoni wakati wa kubana. Usiongeze bomba kwenye mpini wa jeki ili upate nguvu zaidi. Kama jeki imegoma, nazi ndiyo yenye tatizo. Usipige mashine kwa nyundo ikiwa bado imebana. Watoto wasikaribie kabisa. Kila wiki osha uso wa fremu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe, na ukague maungio yote kwa macho na kwa kidole.

Mwenye mashine aanze na ununuzi mdogo kuliko wote: mizani nzuri ya jikoni na daftari. Bila hivyo viwili, jeki ya bei yoyote itakuwa inabana kwa kubahatisha.